Tairi, dizeli na mchanga wa Muthetheni

Wasomaji wa ukurasa huu mmenizoea nikizungumzia programu, simu na kompyuta. Leo nawaletea teknolojia isiyo na skrini wala betri, yenye umri wa karibu miaka 180: tairi la upepo. Swali lenyewe ni la kijijini kabisa. Mtu mwenye lori Muthetheni, anayebeba mchanga kupeleka Nairobi, achague tairi gani ili dizeli isimmalize?

Swali hili nimeletewa na binamu yangu. Ana lori la magurudumu kumi, ana mkopo wa lori hilo, na matairi yake ya nyuma yamekaribia kuisha. Anajua naandika programu, basi akaona kompyuta haiwezi kukosa jibu. Programu nimemwandikia, mistari mitatu tu, na mtaiona hapa chini. Lakini namba zake hazina ladha mpaka ujue tairi limetoka wapi na lilibuniwa kutatua tatizo gani. Kwa hiyo vuta kiti, hii ni historia.

Mabega, reli, halafu lori

Tuanzie nyumbani. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Enzi hizo misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo na shanga. Kila kilo ilikwenda kichwani au begani mwa mtu. Gurudumu halikuwa na kazi kwenye njia za miguu.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na mwaka 1899 ikafika Nairobi. Machakos ilikuwa tayari kituo cha serikali, lakini reli iliipita kando, ikapitia Konza na Athi River. Huo ndio uamuzi ambao Masii, Mwala na Muthetheni wanaulipia mpaka leo kila wanapojaza tangi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei karibu hata kidogo, kwa hiyo halipotezi nguvu nyingi. Ukikosa reli, mzigo wako unapanda lori, na lori linakanyaga ardhi kwa mpira unaobonyea. Historia yote ya tairi la lori ni jitihada za kuifikia reli bila kuwa na reli.

Nguvu hupotelea wapi?

Kama umekulia Ukambani, umeona mkokoteni wa punda wenye matairi ya gari dogo, umebeba mitungi ya maji. Upepo ukipungua kwenye tairi moja, punda ndiye wa kwanza kujua. Mzigo ni uleule, barabara ni ileile, lakini anavuta kwa shida. Kwa nini?

Tairi likikanyaga chini linabonyea, likiinuka linarudi kwenye umbo lake. Kila mzunguko, kila kipande cha mpira kinakandwa kama unga wa chapati. Mpira ukiubonyeza haukurudishii nguvu yote uliyoutia, sehemu yake inageuka joto. Ndiyo maana tairi la lori huwa la moto ukiligusa baada ya safari ndefu. Joto lile ni dizeli yako. Huo upotevu wataalamu wanauita ukinzani wa kubingirika, na wanaupima kwa namba ndogo: ni sehemu gani ya uzito wa gari inahitajika kama nguvu ya kulisukuma tambarare.

Programu ya binamu ni hii:

nguvu = uzito x 9.81 x namba_ya_ukinzani
kazi = nguvu x umbali
lita = kazi / 14,000,000

Uzito uwe kwa kilo na umbali kwa mita. Hiyo milioni 14 imetoka wapi? Lita moja ya dizeli ina takribani jouli milioni 36, na injini nzuri ya lori hufikisha karibu asilimia 40 ya hizo kwenye magurudumu. Nyingine hutoka kwenye bomba la moshi na rejeta.

Tuweke lori halali. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya 2013, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele na tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma zenye tairi pacha. Jumla tani 26. Sasa tuliendeshe kilomita 100 za tambarare na tuhesabu mafuta yanayoliwa na ukinzani wa kubingirika peke yake:

reli (0.0015): lita 2.7
lami, tairi jepesi sana (0.005): lita 9.1
lami, tairi la kawaida (0.007): lita 12.8
lami, tairi zito (0.009): lita 16.4
murram iliyoshindiliwa (0.02): lita 36.4
mchanga mlaini (0.1): lita 182

Namba hizo za ukinzani ni za kawaida vitabuni, na barabara yako inaweza kuwa juu au chini yake. Upepo wa mbele, vilima na breki havimo. Ukipanda kilima cha mita 400 na tani 26, unalipa zaidi ya lita 7 za ziada hata tairi liwe la dhahabu. Lakini tazama hiyo orodha tena. Kati ya tairi la kawaida na tairi zito, kwenye lami ileile, kuna lita 3.6. Halafu tazama mstari wa mwisho. Tutaurudia.

Jaribio la uani Belfast

Watu wengi hudhani tairi la upepo lilibuniwa kwa ajili ya starehe. Aliyeanza alikuwa anatafuta nguvu. Robert William Thomson, Mskoti wa miaka 23, alipata hataza yake Desemba 1845. Gurudumu lake lilikuwa na mrija wa turubai uliopakwa mpira, ndani ya gamba la ngozi, likiwa limejazwa upepo. Alilifunga kwenye mabehewa ya farasi London, akapima nguvu ya kuvuta, akaonyesha kwamba farasi anavuta kwa wepesi zaidi kuliko kwa gurudumu la chuma, hasa kwenye barabara mbovu. Farasi wa London na punda wa Muthetheni wangeelewana kabisa.

Lakini mpira ulikuwa ghali na dhaifu, wateja hawakuwepo, wazo likalala. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii: toleo la kwanza linatoka kabla vifaa vya kuliendesha havijawepo.

Lilizaliwa mara ya pili mwaka 1888, Belfast, kwa daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop, aliyekuwa akimtengenezea mwanawe baiskeli ya magurudumu matatu. Jaribio lake kila mtu anaweza kulirudia. Alilisukuma gurudumu la kawaida uani, likaenda kidogo likaanguka. Akalisukuma lake la upepo kwa mkono uleule, likavuka ua mzima na kugonga lango. Bila mashine yoyote alikuwa amepima ukinzani wa kubingirika. Hataza yake ilibatilishwa mwaka 1890 ilipogunduliwa kwamba Thomson alimtangulia kwa zaidi ya miaka 40, lakini kufikia hapo baiskeli zilikuwa zimeshaenea na kila mmoja alitaka upepo.

Bei iliyolipwa Kongo

Hapa siwezi kupita haraka, kwa sababu historia za teknolojia zinazosomwa mitandaoni huwa zinaruka ukurasa huu. Mpira wa baiskeli hizo ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwenye mimea itambaayo ya msituni, Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia 1885. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Walioshindwa walichapwa, wake zao walishikwa mateka, na askari walikata watu mikono. Mwaka 1904 ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliyaweka mambo hayo hadharani, na mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa koloni hilo, likachukuliwa na serikali ya Ubelgiji.

Wajerumani nao walipanda mpira kwenye mashamba ya Afrika Mashariki yao, hasa upande wa Tanga. Bei ilipanda sana karibu na 1910, halafu mwaka 1913 ikaanguka, kwa kuwa mashamba ya Malaya na Ceylon yalikuwa yameanza kutoa mpira mwingi na rahisi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema tairi ni ghali, kumbuka kwamba kulikuwa na wakati ambapo lilikuwa rahisi kwa mnunuzi kwa sababu mtu mwingine alililipia kwa mkono wake.

Lori lapanda upepo

Malori yalichelewa. Wakati wa vita kuu ya kwanza malori mengi bado yalikwenda kwa mpira mgumu usio na upepo, maana wahandisi waliamini upepo hauwezi kubeba tani nyingi. Mpira mgumu ulitikisa lori mpaka likalegea, uliharibu barabara, na uliliweka kwenye mwendo wa polepole.

Mwaka 1917 kampuni ya Goodyear ilituma lori lenye matairi ya upepo kutoka Akron, Ohio, hadi Boston. Safari ya kwanza ilichukua wiki kadhaa. Matairi yalipasuka moja baada ya jingine, na barabara zenyewe na madaraja hayakuwa yamejengwa kwa mzigo ule. Wangeweza kukata tamaa. Badala yake walirekebisha, wakarudia, na baadaye safari ya kwenda na kurudi ikawa ya siku chache. Hiyo ndiyo njia ya kutafuta hitilafu: peleka kitu barabarani, kivunjike, ujue kilipovunjikia. Kufikia miaka ya 1930 mpira mgumu ulikuwa unakwisha kwenye malori.

Tundu la nzi

Tairi la enzi hizo lilikuwa la mshazari. Maana yake, nyuzi za ndani (kwanza pamba, baadaye reyoni na nailoni) zilipangwa kwa tabaka zinazopishana kwa pembe, kama mkeka. Tairi likibonyea, tabaka hizo zinasuguana. Msuguano ni joto, na joto, kama tulivyoona, ni mafuta.

Ufaransa, kwenye kampuni ya Michelin, kulikuwa na mtafiti aitwaye Marius Mignol. Alitaka kujua joto linazaliwa sehemu gani hasa ya tairi. Akatengeneza tairi la majaribio lenye mbavu za waya zilizoachana, zikitoka ukingo mmoja kwenda wa pili moja kwa moja bila kupishana. Wenzake waliliita tundu la nzi. Kumbe lilikuwa baridi kuliko yote! Nyuzi zisizopishana hazina cha kusuguana nacho. Akaongeza mkanda wa chuma chini ya meno ili sehemu inayokanyaga isikunjamane, na hapo tairi la radiali likazaliwa. Hataza ilikuwa 1946, tairi la gari dogo likaingia sokoni 1949, na la lori mwaka 1952.

Ukitaka kujua la kwako ni la aina gani, soma ubavuni. Ukubwa wenye herufi R katikati, kama 11R22.5 au 315/80R22.5, ni radiali. Ukiona kistari mahali pa R, kama 10.00-20, hilo ni la mshazari. Hiyo herufi moja ndiyo tofauti kubwa kuliko zote za mafuta. Hakuna chapa wala tangazo linaloishinda. Matairi ya mshazari bado yanauzwa kwa ajili ya malori ya mchanga na mawe, kwa sababu bei yake ni ya chini na ubavu wake mnene unavumilia kugonga jiwe.

Mafuta yanapopanda ndipo tairi linapoangaliwa

Wamarekani waliipuuza radiali kwa karibu miaka 20. Dizeli na petroli vilikuwa rahisi, nani ahangaike? Halafu Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaweka vikwazo vya mafuta. Pipa lililokuwa karibu dola 3 lilifika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Ghafla kila mtu alitaka tairi lisilokula. Teknolojia ilikuwepo muda wote, kilichokosekana ni maumivu.

Sisi huku tulikuwa na viwanda vyetu. Firestone East Africa iliundwa mwaka 1969 na kujenga kiwanda Nairobi. Tanzania nayo ikapata General Tyre, Arusha. Kile cha Arusha kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Cha Nairobi kilichukuliwa na kundi la Sameer katika miaka ya 1980, kampuni ikaitwa Sameer Africa mwaka 2005, ikauza chapa ya Yana, na mwaka 2016 ikafunga kiwanda na kuagiza matairi kutoka nje. Kwa hiyo leo mwenye lori wa Machakos anachagua kati ya majina mengi yaliyotoka Uchina, India na kwingineko, na mengi kati yake ni mageni kwa baba yake.

Huko nje kazi iliendelea. Mwaka 1992 Michelin ilitoa tairi ambalo sehemu kubwa ya masizi yanayotia mpira weusi na nguvu ilibadilishwa kwa silika, mpira ukawa unapoteza nguvu kidogo zaidi bila kuteleza kwenye maji. Mwaka 2004 Marekani ilianzisha mpango wa SmartWay, unaothibitisha matairi ya malori ya masafa marefu yanayoweza kuokoa asilimia 3 au zaidi ya mafuta. Umoja wa Ulaya uliweka lebo ya lazima kuanzia Novemba 2012, yenye herufi za kuonyesha ukinzani wa kubingirika na breki kwenye maji. Ukikuta tairi lina lebo hiyo dukani, isome.

Lakini angalia neno moja hapo juu: masafa marefu. Matairi hayo yalibuniwa kwa lori linalokimbia kwenye lami siku nzima. Muthetheni si hivyo.

Barabara mbili, tairi moja

Mchanga unatoka kwenye vitanda vya mito ya msimu. Lori linashuka mtoni, linapakia, linapanda likiwa limejaa, linapita njia ya vumbi, linafika lami, linaelekea Machakos na kuendelea mpaka jijini. Ukirudi kwenye orodha yetu, mchanga mlaini ni lita 182 kwa kilomita 100. Hakuna anayeendesha kilomita 100 mtoni, lakini mita 500 tu ni karibu lita moja. Kilomita moja ya mchanga ni sawa na kilomita 14 za lami.

Na hapa kuna kichekesho cha fizikia. Kwenye lami, upepo mwingi ndiyo akiba, kwa sababu tairi halibonyei. Kwenye mchanga, upepo mwingi ni hasara, kwa sababu tairi jembamba na gumu linazama na kusukuma mchanga mbele yake kama jembe. Tairi lililopunguzwa upepo linapanuka na kuelea. Barabara mbili zinataka vitu viwili vinavyopingana.

Jeshi la Marekani lilikutana na tatizo hilihili wakati wa vita kuu ya pili. Gari lao la DUKW, la 1942, lilitoka baharini na kupanda ufukweni moja kwa moja. Likapewa mfumo wa kumwezesha dereva kuongeza na kupunguza upepo akiwa ndani ya kibanda. Warusi nao wakauweka kwenye malori yao ya kijeshi. Lori la mchanga la Ukambani halina mfumo huo. Utingo anaweza kutoa upepo kwa kijiti kwa dakika chache, lakini kuurudisha anahitaji kompresa, na kompresa iko sokoni.

Na asiporudisha? Tani 26 kwenye lami ya moto na matairi yaliyolegea: ubavu unakunjwa mara mamia kwa dakika, joto linapanda, nyuzi za chuma zinachoka, tairi linapasuka. Vipande vyeusi unavyoviona kando ya barabara ya Mombasa vingi vina hadithi hiyo. Hapo si dizeli tena inayopotea. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: usitoe upepo mtoni kama huna namna ya kuurudisha kabla ya lami. Ni afadhali koleo na mbao chini ya magurudumu.

Sasa achague nini?

Nilimwomba binamu anipe kitu kimoja tu kabla ya bei: kilomita. Ngapi za lami, ngapi za vumbi, ngapi za mtoni. Kila kitu kinafuata hapo.

Kwanza, upepo. Watengenezaji wengi wanakadiria kwamba psi 10 pungufu kwenye matairi yote hula takribani nusu asilimia hadi asilimia moja ya mafuta. Kupima kwa kupiga tairi nyundo na kusikiliza mlio hakutoshi: mlio unakuambia tairi limeisha kabisa, haukuambii limepungua kwa 15. Pima kwa geji asubuhi likiwa baridi. Likiwa moto geji itasoma juu, usidanganyike ukapunguza. Na tairi pacha ziwe za kimo kimoja na upepo mmoja, la sivyo moja inabeba mwenzake na kumkwangua.

Pili, mahali pa tairi. Ukinzani unafuata uzito. Kati ya tani 26, 18 ziko nyuma, yaani karibu asilimia 70 ya mafuta yanayoliwa na matairi yanaliwa na yale manane ya nyuma. Ndiyo hayo hayo yanayohitaji meno ya kushika mchanga. Meno marefu yenye mapengo makubwa yanakandwa sana kwenye lami, kwa hiyo yanakula. Mbele weka tairi la mistari iliyonyooka, halihitaji kusukuma kitu. Nyuma weka mchoro wa mchanganyiko, uliotengenezwa kwa lami na vumbi pamoja. Meno makubwa kabisa yabaki kwa lori linaloshinda machimboni bila kuona lami.

Tatu, usidanganywe na kipara. Ni kweli tairi lililochakaa linabingirika kwa wepesi kuliko jipya, kwa sababu mpira wa kukandwa umepungua. Kuna madereva wanaolijua hilo. Lakini mvua ya kwanza ya Novemba haijali akiba yako, na kwenye miteremko ya Machakos breki ni muhimu kuliko lita moja.

Nne, ritredi si aibu. Kuvalisha tairi la zamani ngozi mpya ni biashara ya heshima duniani kote, na mwili mzuri wa radiali unaweza kuvalishwa zaidi ya mara moja. Angalia mwili wenyewe kwanza: tairi lililowahi kuendeshwa bila upepo limeumia ndani hata kama nje linang'aa. Hilo lipelekee fundi wa akala, litadumu miaka mingi miguuni mwa watu.

Tano, supa singo. Tairi moja pana badala ya pacha hupunguza uzito na ukinzani kwenye lami. Lakini sheria ya EAC inazipa ekseli zake kikomo cha chini kuliko cha tairi pacha, na likipasuka huna mwenzake wa kukufikisha. Kwa lori la mchanga, mimi ningeliacha.

Halafu pesa. Tuseme lami ni kilomita 100 kwenda na 100 kurudi, lori tupu lina tani 10, na tunalinganisha tairi la 0.007 na la 0.009. Likiwa limejaa, tofauti ni lita 3.6. Likiwa tupu, lita 1.4. Jumla lita 5 kwa safari. Kwa safari 150 za mwaka ni lita 750. Ukichukua shilingi 180 kwa lita, ni shilingi 135,000 kwa mwaka. Na tusisahau kwamba mwaka 2023 dizeli Nairobi ilivuka shilingi 200.

Sasa utaelewa kwa nini matairi mazito yanaendelea kununuliwa. Bei ya tairi unaiona siku moja, kwenye risiti moja, inauma. Lita 5 zinatoka kimyakimya, na mwenye lori asiyejua akiona tangi limeshuka anamshuku dereva kwamba amenyonya mafuta. Nimesikia ugomvi wa namna hiyo zaidi ya mara moja Muthetheni, na dereva hana cha kujitetea nacho kwa sababu hakuna aliyepima. Kabla ya kumfukuza mtu kazi, pima upepo wa matairi kumi.

Binamu ameanza na kilicho rahisi kuliko vyote, geji, pamoja na daftari la kuandikia kilomita na lita za kila safari. Matairi ya nyuma atanunua yale ya sasa yakiisha, radiali za mchoro wa mchanganyiko, na namba za daftari ndizo zitakazosema kama nimemshauri vizuri.

Programu ni hiyo mistari mitatu hapo juu, haina leseni wala malipo. Ichukue, weka uzito wa lori lako na kilomita zako, hata kwenye kikokotoo cha simu inakwenda.